Miezi minane na breki zinazorudisha umeme

Niliendesha haibridi (gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme) kwa miaka mitatu, na sasa nina miezi minane kwenye gari la umeme tupu. Watu huniuliza habari za kuchaji. Mimi kilichonibadilisha ni breki.

Ukiachia pedali ya mafuta (bado naiita hivyo, mazoea), mota inageuka jenereta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha, umeme unarudi kwenye betri, na uzito wa kazi hiyo unalipunguza gari mwendo. Kwenye gari la kawaida, ukifunga breki nguvu hiyo huishia kuwa joto kwenye diski za breki.

Wiki ya kwanza nilikuwa nashtua abiria. Niliachia pedali ghafla, kama nilivyozoea, na vichwa vikaenda mbele. Nikashusha kiwango cha urejeshaji, yaani ukali wa mota kulizuia gari ninapoachia pedali, nikajifunza kuinua mguu taratibu, kisha nikapandisha tena. Leo kwenye foleni naweka cha juu kabisa na breki yenyewe siigusi mara nyingi. Barabara kuu naweka cha chini, kwa sababu umeme unaoingia betrini na kutoka tena hupungua njiani. Gari likiweza kuserereka lenyewe, liache liserereke. Hili lilinichukua muda kulikubali, maana mshale wa kijani ukionyesha chaji inaingia unafurahisha kuutazama.

Kusimama mara moja kutoka kilomita 60 kwa saa hakurudishi kingi: gari la kilo 1,600 kwa mwendo huo halina hata sehemu ya kumi ya kilowati-saa. Faida ya mjini ni kwamba unasimama mara nyingi. Mteremko ndio wenye utajiri. Gari hilohilo likishuka mita 300 za kimo lina kama kilowati-saa 1.3 za kutoa, na hata upepo na matairi vikichukua fungu lao, nimeshafika chini nikiwa na asilimia mbili za chaji zaidi ya nilizokuwa nazo juu. Haibridi yangu haikuweza hivyo. Betri yake ndogo ilijaa katikati ya mlima, injini ikaanza kunguruma kulizuia gari. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika.

Betri ikijaa kabisa, umeme hauna pa kwenda. Asubuhi moja nilitoka na asilimia 100, nikaachia pedali kwenye mteremko, gari likaendelea kukimbia. Niliwahi breki, lakini moyo ulidunda. Siku hizi nikiwa na safari ya kuanza kwa kushuka, nachaji hadi 80.

Breki za kawaida nazo zisisahauliwe. Fundi alikuta pedi zangu karibu mpya, ila diski zina kutu kwa kukosa kazi. Kila wiki natafuta sehemu isiyo na gari nyuma yangu, nakanyaga kwa nguvu mara chache.

Ukienda kujaribu gari, angalia unabadilishaje kiwango. Langu lina vibonyezo nyuma ya usukani, na vidole vinavipata bila macho kuacha barabara. Kama inabidi upekue kwenye skrini, hutabadilisha kamwe.