Kupanga pambizo na vituo vya Tab kwenye barua bila kuona skrini: uzoefu wangu na NVDA ndani ya Word

Barua ni sehemu kubwa ya kazi yangu, na zote naziandika kwa kusikiliza. Natumia NVDA, kisoma skrini kinachonitamkia yaliyomo kwenye kompyuta, pamoja na Microsoft Word. Nimeamua kueleza upande mmoja tu wa matumizi hayo, ule ambao wasioona wengi huuachia watu wengine: kuipa barua sura yake kwenye karatasi. Msimamo wangu ni kwamba kazi hii unaimaliza mwenyewe, tena kwa usahihi wa milimita, ilimradi uachane na rula na kitufe cha nafasi, ushike namba.

Rula ya Word imetengenezwa kwa ajili ya kipanya. Anayeona hubofya juu yake, akaburuta alama ndogo kushoto au kulia, akaridhika kwa macho. Kisoma skrini hakina cha kukusomea pale, na kwa kuwa mafunzo mengi ya Word huanzia kwenye rula, mwanafunzi asiyeona huondoka akiamini kwamba kupanga ukurasa si kazi yake. Sivyo. Kila kinachofanywa na rula kina kisanduku chake cha kuandikia vipimo, na vipimo ndivyo NVDA inavyovitamka bila utata wowote.

Kitufe cha nafasi ndicho adui mkubwa zaidi, kwa sababu sikio halimkamati. Chukua anwani ya mwandishi iliyosukumwa upande wa kulia kwa kugonga nafasi nyingi. Ukishuka mstari kwa mstari, NVDA inasoma sanduku la posta, mji, tarehe, na kila kitu kinasikika safi. Tembea sasa herufi kwa herufi kwa mshale: nafasi, nafasi, nafasi, mlolongo mrefu ambao hakuna mtu ataukumbuka idadi yake. Mstari mmoja ukipungukiwa nafasi mbili, unachomoza nje ya wenzake, na mpokeaji anaona barua iliyopinda kabla hajasoma neno. Badilisha ukubwa wa herufi, mpangilio wote unahama. Kituo cha Tab hakina shida hiyo, maana ni mahali maalumu kwenye ukurasa ambapo kielekezi huruka ukibonyeza kitufe cha Tab. Herufi ziwe kubwa au ndogo, maandishi yanaanzia palepale.

Kabla ya kugusa chochote, mimi hupiga hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Pambizo za kawaida za Word ni sentimita 2.54 kila upande, yaani inchi moja, na kwa asiyeona namba hiyo ni usumbufu kwa sababu inaacha eneo la kuandikia la sentimita 15.92. Naziweka 2.5. Eneo la kuandikia linakuwa sentimita 16 kamili, nusu yake ni 8, na kituo cha sentimita 8 kinaangukia sentimita 10.5 kutoka ukingo wa karatasi, katikati kabisa ya A4. Namba hizi nazibeba kichwani, na ndizo zinazonifanya nijue papo hapo kama kitu kimekaa mahali pake.

Njia ya kufika kwenye pambizo ni fupi. Unabonyeza Alt, unaachia, kisha P, M na A, kimoja baada ya kingine; kisanduku cha mpangilio wa ukurasa kinafunguka. Ndani yake Alt+T inakupeleka pambizo ya juu, Alt+B ya chini, Alt+L ya kushoto, Alt+R ya kulia. NVDA inataja jina la uga pamoja na kipimo kilichomo, nawe unaandika chako juu yake. Kama Word yako inahesabu kwa inchi usihangaike: andika 2.5 cm pamoja na hizo herufi mbili, itageuza yenyewe. Karatasi yenye nembo iliyochapwa juu tayari inahitaji pambizo ya juu kubwa zaidi, nami huipa sentimita 5. Vifupisho ninavyovitaja ni vya Word ya Kiingereza; ukitumia lugha nyingine, herufi hubadilika.

Vituo vya Tab vinastahili utulivu zaidi. Alt, H, P, G hufungua kisanduku cha aya, na humo Alt+T hufungua kisanduku cha vituo. Kielekezi kinakuwa kwenye uga wa kuandika umbali. Naandika 8 cm, naacha kituo kiwe cha kushoto, nabonyeza Alt+S kukithibitisha. Hiki ni cha anwani ya mwandishi. Kisha nafuta kilichomo, naandika 16 cm, nachagua kituo cha kulia kwa Alt+R, na Alt+S tena. Hiki ni cha mstari wenye kumbukumbu namba upande wa kushoto na tarehe upande wa kulia: unaandika kumbukumbu, unabonyeza Tab hadi kituo cha mwisho, unaandika tarehe, nayo inajisogeza kurudi nyuma hadi herufi yake ya mwisho iguse pambizo. Chagua aina ya kituo kabla ya Alt+S, siyo baada. Umbali huu, ukumbuke, huhesabiwa kutoka pambizo ya kushoto na si kutoka ukingo wa karatasi.

Jambo jingine ambalo maelezo mengi hulipita haraka: vituo ni mali ya aya. Ukiviweka kielekezi kikiwa kwenye aya moja, aya hiyo ndiyo inayovipata, pamoja na zile zitakazozaliwa kwa Enter kutokea hapo. Aya zilizokwisha kuandikwa hazihusiki. Kwa hiyo weka vituo ukurasa ukiwa mtupu, au chagua barua yote kwa Ctrl+A kwanza.

Sasa nije kwenye sababu hasa ya kuisifu NVDA. Ukibonyeza Tab ndani ya Word, inatamka umbali wa kielekezi kutoka ukingo wa kushoto wa ukurasa. Nabonyeza Tab mara moja mwanzoni mwa mstari wa anwani, nasikia sentimita 10.5. Basi. Sihitaji kumuuliza mtu kama imekaa sawa. Na popote nilipo kwenye barua, kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, pamoja na Delete (kwenye kibodi kubwa ni ile Delete ya upande wa namba) kinanitajia umbali kutoka kushoto na kutoka juu. Nikifika kwenye sahihi nasikia nimeshuka sentimita ngapi, najua kama nafasi iliyobaki inatosha au kama jina litaangukia ukurasa wa pili peke yake. Anayeona hukadiria, mimi nasomewa kipimo.

Niliwahi kumpa mwenzangu anayeona barua iliyotoka kwenye printa nikamwomba aikunje katikati kwa urefu. Kila mstari wa anwani ulianzia kwenye mkunjo. Nilifurahi sana, na ni kipimo ninachompendekezea yeyote mwenye wasiwasi na anachosikia.

Kwenye mashine za chapa za zamani mambo haya yalikuwa ya vidole: vizuizi vya pambizo ulivigusa, na kengele ililia mstari ulipokaribia kuisha. Tena wasioona wamo katika historia hiyo tangu mwanzo. Moja ya mashine za kwanza kabisa za kuandikia ilitengenezwa Italia na Pellegrino Turri kwa ajili ya Carolina Fantoni, aliyekuwa haoni, na barua alizopiga mwaka 1808 zipo hadi leo. Kwa hiyo huwa sikubaliani na anayesema kwamba sura ya barua ni jambo la wenye macho.

Nirudi kwenye NVDA. Kitufe chake pamoja na F hutaja fonti, ukubwa na mpangilio wa mahali ulipo. Ukibonyeza mara mbili unapata dirisha la kusoma taratibu. NVDA, Ctrl na D kwa pamoja hufungua mipangilio ya uumbizaji, ambako unaweza kuiagiza itaje mpangilio wa aya na ujongezaji wake. Mimi huviwasha wakati wa kupanga tu, kisha navizima, kwa sababu vikibaki wazi kila mstari unatanguliwa na maelezo na barua haisomeki kwa raha.

Yapo mapungufu. Umbali unausikia unapogonga Tab au unapouliza, lakini orodha ya vituo vyote vya aya hutajiwi ukiwa ndani ya maandishi. Lazima urudi kwenye kisanduku chake na kushuka kwa mshale. Ukikuta barua ya mtu mwingine yenye vituo vya ajabu, Alt+A humo humo hufuta vyote, na mara nyingi kuanza upya ni haraka kuliko kurekebisha. Sauti ya Kiswahili ya eSpeak, programu ya kutamka inayokuja na NVDA, nayo husoma menyu za Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili, hivyo mwanzoni sikio linahitaji kuzoea. JAWS, kisoma skrini kingine, ina uwezo wa aina hiyohiyo wa kutaja mahali pa kielekezi, ila ni ya kulipia, wakati NVDA tangu ilipoanzishwa mwaka 2006 ni ya bure, na kwa kazi ya barua sijaona ninachokikosa.

Mstari wa sahihi nao usiuchore kwa kugonga alama ya mstari wa chini mfululizo. Weka kituo cha sentimita 7, chagua kijazio cha nne, yaani mstari unaojaza nafasi hadi kwenye kituo, kwa Alt+4, thibitisha. Tab moja inachora mstari ulionyooka wa sentimita 7, na msomaji mwingine asiyeona atakayeipokea barua kwenye kompyuta hatasomewa msururu wa alama.

Vyote vikikaa sawa, bonyeza F12 uhifadhi kama kiolezo cha Word. Nina viwili, kimoja cha karatasi tupu na kingine cha karatasi yenye nembo, na barua mpya naianza kwa kufungua kimojawapo, nagonga Tab, nasikia 10.5, naanza kuandika anwani.