Plasta za jeli kwa malengelenge ya miguu: tiba nzuri, kinga hafifu

Plasta za haidrokoloidi, zile nene zinazoteleza kwa juu ambazo wapanda milima wengi huzibeba, hunadiwa kuwa zinazuia malengelenge na pia kuyatibu. Baada ya kuzitumia katika matembezi marefu, ninazisifu kwa kazi moja tu, nayo ni kutibu lengelenge lililokwisha kupasuka.

Hapo hazina mfano. Chembe za selulosi zilizomo kwenye gundi hunyonya majimaji ya kidonda na kugeuka jeli, hivyo kidonda hupona kikiwa na unyevu, bila kufanya kigaga kigumu, na maumivu ya kukanyaga hupungua. Masharti yake hayana mjadala: ngozi ioshwe na kukaushwa kabisa, plasta ipashwe joto kati ya viganja, kisha iachwe siku kadhaa hadi ijibandue yenyewe. Uvimbe mweupe unaojitokeza katikati huwatisha wengi, lakini ni jeli tu. Pakiwa na usaha, wekundu unaosambaa au homa, iondolewe na daktari aonwe. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo.

Juu ya lengelenge ambalo bado zima siibandiki kamwe, kwa kuwa gundi yake ni kali na ikibanduliwa mapema huondoka na ngozi ya juu, ambayo ndiyo kifuniko bora kuliko chochote kinachouzwa.

Kwa kinga, sioni sababu ya kulipia bei yake. Lengelenge hutokea mfupa unapokwenda na kurudi ndani ya mguu huku ngozi imeshikwa na soksi na buti, tabaka za ngozi zikavutana hadi zikaachana na nafasi hiyo ikajaa majimaji; jasho huzidisha mshiko huo. Plasta nene ndani ya buti linalobana huongeza mgandamizo, na kingo zake zikilowa hujikunja na kugandia soksi. Tepu ya karatasi, ile ya kawaida ya kufungia vidonda, ni nyembamba na rahisi zaidi: utafiti ulioongozwa na Grant Lipman wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha wakimbiaji 128 wa masafa marefu, ulionyesha kuwa ilipunguza malengelenge kwa asilimia 40. Gundi yake ni hafifu, kwa hiyo hubanduka bila kuchuna ngozi, ila ibandikwe mguu ukiwa mkavu, kabla ya kuvaa soksi.