Mbavu za kuchoma: viungo vikavu au vya kuloweka?

Viungo vikavu ndivyo vinavyopakwa mbavu za nguruwe kule Memphis, Marekani. Mimi navitumia kwa mbavu za mbuzi: vijiko 2 vya paprika, 1 cha chumvi, nusu cha pilipili manga, nusu cha bizari nyembamba, na kitunguu saumu cha unga. Bizari ikaange kavu kwanza, mpaka inukie, ndipo uitwange. Futa nyama maji, paka, acha kwenye friji usiku kucha. Chumvi huvuta maji ya nyama juu, kisha yanarudi ndani na ladha yake. Asubuhi unakuta nyama imekauka kidogo. Ndiyo inayokupa ganda la kahawia lenye kutafunika.

Wamarekani huongeza sukari ya kahawia, lakini wao huchoma taratibu kwa moshi, kama nyuzi 110, saa nyingi. Kwenye jiko letu la makaa mekundu sukari huungua ikawa chungu. Niliharibu kilo 2 hivyo.

Vya kuloweka (tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, papai bichi) vina kazi moja ambayo vikavu haviwezi: papai hulainisha nyama ngumu. Ila ukiliacha usiku kucha nyama inakuwa uji uji. Na ikiingia motoni bado inachuruzika, inachemka kabla ya kuchomeka.

Kwa mishkaki ya ng'ombe mzee, papai. Kwa mbavu na mapaja ya kuku, vikavu, bila kufikiri mara mbili. Viungo vikavu vinavyobaki hukaa miezi kadhaa kwenye chupa yenye kifuniko.