Uzoefu wangu: safari ya siku moja ya wanawake wa pikipiki, Arusha hadi chemchemi za Chemka

Huu ni mwaka wa pili nina pikipiki, TVS HLX 125, na muda wote huo imekuwa ya kazi tu. Alfajiri nasambaza maziwa, jioni nakusanya madumu. Sikuwahi kuiwasha kwa sababu moyo unataka kwenda mahali. Mteja wangu mmoja aliponiambia kuna kikundi cha wanawake hapa Arusha kinachoandaa safari za siku moja, nikalipa 60,000 yangu siku hiyohiyo, nisije nikasita. Ndani ya hela hiyo kuna kiingilio cha chemchemi, chakula cha mchana, maji ya kunywa na fundi anayefuata nyuma. Mafuta unajaza mwenyewe. Mimi lita nne zilinitosha kwenda na kurudi.

Tulikutana sheli moja ya njia ya Moshi saa 12 asubuhi, wanawake 14. Boxer zilikuwa nyingi, TVS kama yangu mbili, na mama mmoja mstaafu alikuja na Honda XL ya zamani inayong'aa utadhani imetoka dukani jana. Tukamwamkia shikamoo mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyepangiwa kufunga msafara, yaani hakuna anayebaki nyuma yake.

Kabla ya kuondoka dada kiongozi alikagua leseni na bima, kisha akapita kila pikipiki. Kwangu alichuchumaa, akainua cheni kwa kidole kimoja, akaniambia, "Dada, hii imelegea, itakuruka." Fundi akaikaza palepale kwa spana mbili. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu aliinama kuangalia pikipiki yangu bila kunidai hela. Hapo tu nikaona nimelipa pahali pazuri.

Mpangilio wao ni wa zigizaga: mmoja kushoto, anayefuata kulia, nyuma yake kidogo. Wageni tunakaa karibu na kiongozi, na mwendo unapangwa na anayekwenda polepole kuliko wote. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru haina shida. Baada ya Tengeru lami inakuwa ya njia mbili, na hapo ndipo mabasi na malori yanapokupima. Basi likikupita, upepo wake unakusukuma nje kwanza, halafu unakuvuta ndani. Nikiwa peke yangu nilizoea kushuka pembeni ya lami kila nikisikia honi nyuma. Siku ile sikushuka hata mara moja. Dereva anayeona taa 14 zimepangana anasubiri nafasi ndipo apite, na kwenye kila kibao cha 50 sisi tulikwenda 50 kweli.

Tukapita Usa River na Maji ya Chai, tukanywa chai na chapati Kikatiti. Mbele kidogo Kilimanjaro ukatokea upande wa kushoto, mweupe juu, kabla mawingu hayajaufunika. Njia hii nimeipita kwa daladala miaka yote. Sikujua kwamba mlima unaukabili hivyo ukiwa huna kioo mbele yako.

Boma Ng'ombe unakata kulia kuelekea Rundugai na lami inaisha. Sehemu hii naieleza kwa kirefu kwa sababu wengi mtaikuta. Vumbi lake ni laini kama unga wa sembe, limejaa kwenye njia za matairi ya magari, na tairi la mbele likizama ndani yake usukani unacheza. Nilishtuka, nikakamata breki ya mbele, nikaanguka. Ilikuwa polepole, sikuumia, ila mkono wa klachi ulipinda. Wote walisimama. Yule mama akaegesha Honda yake, akanikagua viwiko na magoti kabla hajaitazama pikipiki.

"Pole mwanangu. Sasa sikiliza. Breki ya mbele iache kabisa. Gia ya pili, mafuta kidogokidogo, nyanyuka kwenye vikanyagio, macho yako mbele, usilitazame tairi."

Kilomita zilizobaki alikaa nyuma yangu kama hatua kumi, na kila nilipopita salama palipo na unga alipiga honi moja fupi. Nilifika Chemka mikono inatetemeka na nina furaha ambayo sijui niiandike vipi.

Na Chemka kwenyewe! Unatoka kwenye nchi kavu ya miiba, jua kali, mara unaingia chini ya miti mikubwa ambayo mizizi yake imeteremka hadi majini, na maji ni ya bluu, unaona mchanga wa chini. Jina linatokana na yanavyobubujika kama yanachemka, lakini si ya moto, ni vuguvugu tu. Ni maji ya Kilimanjaro yaliyopita chini kwa chini kwenye miamba ya volkano. Yakitoka hapo yanaingia mto Kikuletwa, yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka bwawani ndio mto Pangani mpaka baharini. Mama yangu ni mzaliwa wa Pangani mjini, pale mto unapokutana na bahari. Nilikaa kwenye mzizi, miguu majini, visamaki vidogo vikinidonoadonoa visigino, nikampigia simu kumwambia nimekaa kwenye mwanzo wa mto wao. Akaniuliza nimefikaje. Nikamwambia kwa pikipiki yangu. Alinyamaza, kisha akasema, "Hongera mwanangu."

Yapo ya kurekebisha, na nayasema kwa sababu nakipenda kikundi hiki. Maji ya katikati ni ya kina, nusu yetu hatujui kuogelea, na majaketi ya kuelea yalikuwa matatu tu. Hayo yafike kumi kabla ya safari nyingine. Helmeti niliyoazimwa kamba yake ya kidevuni ilikuwa haifungi, nikabadilishiwa baada ya kuomba mara mbili. Bora uje na yako. Pilau lilifika saa 9 alasiri limepoa, na kuchelewa huko kukatufanya tuondoke saa 11 jioni, kwa hiyo giza lilitukuta kabla ya Tengeru. Kwenye lami ya njia mbili, taa za malori usoni, hilo si jambo dogo. Niliwaeleza wakati wa kuagana, wakapokea vizuri, wakasema watakuwa wanaondoka saa 9.

Mkija, chukueni kanga mbili, moja ya kujifutia na moja ya wenzio kukushikia ukibadili nguo, maana siku ya mapumziko watu ni wengi sana. Kitambaa cha kuziba pua na mdomo ni lazima. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu, malapa yakae kwenye begi. Kama hujawahi kuendesha nje ya lami, waambie mapema, usione aibu. Watakuweka panapokufaa.

Mwezi ujao wanarudi tena Chemka. Nimeshalipa, na maziwa ya siku hiyo atasambaza mdogo wangu wa kiume, kwa baiskeli.