Uzoefu wangu: nililipa kwenda kusikia habari za rejimenti nzima, nikauziwa mtu mmoja

Nilipoanza kuandika maelezo haya nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa sababu basi lilikuwa safi, tuliondoka kwa wakati na chakula cha mchana hakikuwa kibaya. Lakini kila nikifika kwenye dakika zile tulizosimama juu ya kilima cha Flesquières, karibu na mji wa Cambrai, mkono unasita. Nilitoa fedha zangu ili nisikie habari za Rejimenti ya 108 ya Mizinga ya Medani ya jeshi la Wajerumani, na nilichokipata ni kunyamazishwa mbele ya wasafiri wenzangu ambao hata majina yao nilikuwa sijayashika.

Ilikuwa siku ya baridi kali, majuma machache kabla ya Krismasi, mwaka juzi kama sikosei. Kampuni hiyo, ambayo sitaitaja, huwachukua watu kwa basi dogo na kuwazungusha katika medani za Vita Kuu ya Kwanza kaskazini mwa Ufaransa. Tangazo lao liliahidi kwamba safari hii itasimuliwa kutoka upande wa wapiga mizinga wa Kijerumani, na ni ahadi hiyo iliyonitoa kitandani Ubelgiji kabla ya alfajiri.

Kiongozi wetu alitupandisha kilimani, akatuelekeza kusini walikotokea Waingereza, akaanza. Tarehe 20 Novemba 1917, alisema, vifaru zaidi ya mia nne vilisogezwa kwenye medani ya Cambrai, vikapenya mahandaki ya Wajerumani kila mahali isipokuwa hapa. Na hapa vilizuiwa na nani? Na afisa mmoja tu, ambaye wenzake wote walikuwa wamekufa au wamekimbia, akabaki peke yake na mzinga wake, akavipiga vifaru kimoja baada ya kingine mpaka naye akauawa pale pale. Nakiri kwamba alisimulia vizuri, na mama mmoja karibu yangu alikuwa anafuta machozi.

Nilisubiri amalize, kisha nikamuuliza kwa adabu mambo mawili. Mzinga wa milimita 77 una uzito wa kama tani moja, na ili ufuate kifaru kinachotembea ni lazima mkia wake unyanyuliwe na kugeuzwa kila mara. Mtu mmoja aliwezaje kuugeuza, kulenga, kupakia na kufyatua? Na je, hatatuambia lolote kuhusu mafunzo ambayo rejimenti ile ilikuwa imepewa? Hakujibu hata moja. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia kwetu ni Lindi, Tanzania. Akatabasamu, akasema kwamba katika vita ile watu wa kwetu walibeba mizigo tu, kwa hiyo haya ya mizinga nimwachie yeye. Wachache walicheka. Akatugeuzia mgongo na kuendelea na njia.

Ndiyo, walibeba mizigo. Walibeba na mizinga pia. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa majini, ikafungiwa magurudumu, ikaburutwa na watu wetu kwa kamba kupita mchanga, tope na vilima, mamia ya kilomita, mpaka mmoja baada ya mwingine ikaharibika au kuachwa. Mmoja wao uko Mombasa nje ya Ngome ya Yesu, na yeyote anaweza kwenda kuugusa. Mtu aliyekulia kusini mwa Tanzania akisikia kwamba mzinga ulifanya kazi na mtu mmoja, swali la kwanza linalomjia ni nani aliuvuta na nani alileta makombora. Swali langu lilitoka huko huko alikokudharau.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kisa cha kweli kinapita hadithi yake kwa mbali. Rejimenti ya 108 ilikuwa chini ya Divisheni ya 54, na kamanda wa divisheni hiyo, Jenerali Oskar von Watter, alikuwa mtu wa mizinga tangu ujana wake. Mwezi Aprili 1917, Wafaransa walipoingiza vifaru vyao vitani kwa mara ya kwanza, von Watter alijifunza kitu ambacho makamanda wengi wa Kijerumani walikuwa hawajakizingatia. Aliwafundisha wapiga mizinga wake kuitoa mizinga mashimoni, kuisukuma mpaka mahali pa wazi na kulenga kwa macho shabaha inayotembea, ilhali kazi yao ya kila siku ilikuwa kurusha makombora kwa hesabu za ramani kwenye shabaha wasiyoiona. Asubuhi ya tarehe 20 mizinga ya Waingereza ipatayo elfu moja ilifyatua kwa mkupuo bila majaribio ya awali, na mizinga kadhaa ya 108 iliyokuwa nyuma ya mgongo wa kilima ikasalimika. Vifaru vilipochomoza juu ya mgongo huo vilionekana waziwazi mbele ya anga, na askari wa miguu wa Divisheni ya 51 ya Waskoti hawakuwa karibu vya kutosha kuwapiga risasi wale waliokuwa wakipakia. Kijiji cha Flesquières kilishikiliwa mpaka usiku, Wajerumani wakaondoka wenyewe kabla ya mapambazuko.

Hiyo ni kazi ya mafunzo, ya makundi ya watu waliojua kila mmoja mkono wake uende wapi. Unawezaje kusimama pale pale walipofia watu hao na kuwafuta wote ili abaki mmoja?

Tena huyo mmoja mwenyewe asili yake ni taarifa ya Waingereza. Jemadari Haig, kamanda wa majeshi ya Waingereza huko Ufaransa, ndiye aliyemtaja katika ripoti yake juu ya vita vya Cambrai, bila jina, akimwita afisa. Na kwa maoni yangu ilikuwa rahisi zaidi kumsifu adui shujaa kuliko kueleza kwa nini askari wa miguu waliachana na vifaru. Baadaye Wajerumani walimpachika jina la Theodor Krüger, ambaye hakuwa hata afisa. Simnyang'anyi marehemu ushujaa wake. Nasema tu kwamba siku ile, katika medani yote, Waingereza walipoteza vifaru 179, na kati ya hivyo ni 65 vilivyopigwa na adui. Vilivyobaki viliharibika au vilikwama. Kiongozi anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kuyajua hayo. Ningemvumilia kama angesema ushahidi ni mchache, kwa sababu nyaraka za jeshi la Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, ziliteketea mjini Potsdam mwezi Aprili 1945, na mengi tunayoyajua kuhusu rejimenti hizi yametoka katika vitabu vilivyoandikwa na maveterani wenyewe. Lakini hakusema hivyo. Alisema nimwachie.

Baada ya hapo tulipelekwa kwenye jumba la makumbusho la kijijini, na humo karibu nisamehe yote. Kuna kifaru cha Waingereza kiitwacho Deborah, namba D51, kilichofukiwa ardhini miaka mingi mpaka Philippe Gorczynski, mtafiti wa huko, alipokigundua mwaka 1998. Kilivuka kijiji chote, kikapigwa kilipotokeza upande wa pili. Dereva wa basi, mzee mkimya ambaye hakuwa na wajibu wowote wa kutueleza kitu, alinishika kiwiko, akanizungusha mpaka mbele ya kifaru, akanionyesha chuma kilivyopasuka mahali makombora yalipoingilia. Kisha akanitoa nje mpaka kwenye makaburi ya jirani walikolazwa watu watano wa kifaru kile. Tulisimama kimya, mvua ikitunyeshea. Dakika zile zilinitosha kwa safari nzima, na kwa ajili yake nilikuwa tayari kuandika nyota nne.

Ndipo tukaitwa garini. Dakika ishirini zimekwisha, alisema kiongozi, wakati kwenye kilima alikopigia hadithi yake tulikaa karibu saa nzima.

Niliwaandikia kampuni malalamiko. Walinijibu baada ya muda mrefu, wakanishukuru kwa maoni yangu na kunipa punguzo kidogo kwa safari ijayo. Juu ya maneno niliyoambiwa pale kilimani hawakuandika hata mstari mmoja. Basi nimeziondoa zile tatu, na zile nne pia. Nimeacha nyota moja, na naomba wampelekee dereva. Mwenye hamu na Rejimenti ya 108 apande treni mpaka Cambrai, achukue teksi kilomita kama kumi, aanze na kile kifaru, kisha apande kilima kwa miguu yake, asimame upande wa nyuma wa mgongo ule.