Usukani wa milimita 800 kwenye vijia vya Lushoto: uzoefu wangu

Niseme mapema ili mwenye haraka asisumbuke: usukani wenyewe nimeupenda, upana uliokuja nao sijaupenda. Sasa hivi una milimita 750, na kama unaishi kwenye milima yenye vijia vyembamba kama hivi vyetu vya Usambara, nadhani na wewe utaishia hapo karibu.

Ni usukani wa alumini, mweusi, upana milimita 800, kipenyo cha katikati 31.8, umeinuka milimita 20 na mikono yake imerudi nyuma kidogo, nyuzi 8 hivi. Niliuagiza kwa jamaa anayeleta vipuri Arusha, ukanigharimu zaidi ya laki. Jina la kampuni naliacha, maana ninachotaka kukieleza ni upana, na usukani wa kampuni nyingine wenye vipimo hivi ungenipa majibu yale yale.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, fremu ya alumini ya miaka ya elfu mbili mwanzoni, shokapu mbele tu. Ilikuja na usukani ulionyooka wa milimita 600 na stemu ndefu ya milimita 100, yaani kile kipande kinachoushika usukani na kuuunganisha na uma wa gurudumu la mbele. Baiskeli nyingi za milimani zinazoingia kwenye makontena ya mtumba zimekaa hivyo. Ukiwa juu yake mikono inabanana, uzito wote unaegemea gurudumu la mbele, na kwenye mteremko wenye mawe unahisi kabisa kwamba ukigusa breki vibaya utapita juu ya usukani. Kwenye lami ya Mombo kupanda Soni haina shida. Ukitoka Magamba kushuka mjini kwa njia za msituni, ndipo inapokutesa.

Siku nilipoufunga huu mpya, tofauti niliisikia kabla hata sijafika njia ya vumbi. Gurudumu likigonga jiwe halikupokonyi usukani. Ukiwa na mikono mipana unahitaji nguvu kidogo tu kulizuia gurudumu lisipinde, na lenyewe linatulia badala ya kuchezacheza. Kuna kipande kimoja njia ya Irente kina mizizi imejitokeza mfululizo, halafu mfereji umekatiza njia kwa mshazari. Kwa usukani wa zamani nilikuwa nakipita nimekaza meno. Kwa huu nilipita viwiko vimefunguka nje, kifua kimeshuka, macho mbele kabisa. Wanaosema upana unaleta ujasiri hawadanganyi.

Lakini 800 ni nyingi, jamani. Ni sentimita 80 za chuma. Mlango wa stoo yangu haupitishi mpaka niinamishe baiskeli. Vijia vyetu vinapita katikati ya mikaratusi iliyopandwa karibu karibu, au upande mmoja una ngema na upande wa pili una tuta la mahindi la mtu, na hapo katikati unakutana na mama ana mzigo wa kuni kichwani. Yeye hana pa kusogea, ni wewe usimame. Mara kadhaa ncha ya usukani ilikwangua shina la mti, na mti ukikushika upande mmoja hauna mjadala: usukani unageuka, wewe unaendelea mbele.

Mwili nao ukaanza kulalamika. Mikono ikiwa mbali mno kutoka mabegani, kiganja kinaangalia nje na kifundo kinakunjika. Baada ya mteremko mrefu nilikuwa nasikia ganzi upande wa kidole kidogo, na nyuma ya shingo pamekaza. Kona kali ndiyo iliyonionyesha wazi kwamba nimezidisha: nikigeuza kulia sana, mkono wa kushoto unanyooka mpaka mwisho, bega linavutwa mbele, na sina tena pa kusukumia. Usukani unaokufaa unakuachia kiwiko kilichokunjika hata kwenye kona ya kujikunja kabisa.

Sukani pana kama huu zimezoeleka tena hivi karibuni tu. Vijana wa Marin kule California, waliokuwa wakishusha baiskeli nzito za zamani kwenye Mlima Tamalpais miaka ya 1970, walitumia usukani mpana, wengine wa mtindo wa pikipiki. Mashindano ya miaka ya 1990 yakaja na usukani mwembamba na stemu ndefu, wakakata mpaka milimita 560 hivi ili wapunguze gramu na wainame kama wa barabarani. Baadaye upana ukarudi, na leo baiskeli ya milimani ya kawaida inatoka dukani na 760, 780 au 800. Ila usisahau kwamba wanatoa 800 pia kwa sababu usukani mrefu unaweza kuupunguza kwa kuukata, mfupi haurefuki. Ile namba iliyoandikwa kwenye boksi ichukue kama pa kuanzia.

Basi nikatafuta kipimo changu. Njia ninayoiamini ni ya pushapu. Lala chini, inuka kama unapiga pushapu bila kufikiria mikono iko wapi, pale unapojisikia una nguvu zaidi baki hapo, mtu akupime kutoka ukingo wa nje wa kiganja kimoja hadi kingine. Mke wangu alitumia futi ya fundi cherehani, akapata sentimita 74 na kidogo, akacheka sana. Ipo pia hesabu inayozunguka mtandaoni ya kuzidisha kimo chako cha sentimita kwa 4.4 upate milimita. Mimi nina 172, inakuja kama 757. Vipimo viwili vikikaribiana hivyo, unajua uko kitongoji sahihi. Ila hesabu ya kimo haijui kama mabega yako ni mapana au membamba, wala haijui unaendesha wapi, kwa hiyo pushapu naipa uzito zaidi.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokimbilia msumeno. Ngoja kwanza. Legeza skrubu za gripu (vile vishikio vya mikono), za breki na za gia, visogeze vyote ndani milimita 10 kila upande, endesha. Hapo tayari unaendesha 780 na hujakata kitu. Inahitaji gripu zilizo wazi pande zote mbili, zile zinazofungwa kwa skrubu, siyo zile za mpira zilizoziba mwisho. Ncha za chuma zitabaki zimechomoza nje, kwa hiyo zizibe kwa vifuniko na usiende nazo msituni kwenye miti. Njia ya wazi yenye kona inatosha kukupa jibu. Nilipofika 760 ganzi ilipungua. Kwenye 750 ilikwisha, na kiwiko kikawa kinakunjika kwenye kona zote. Nikajaribu 730 kwa kutaka kujua tu: kwenye mizizi gurudumu likaanza tena kucheza. Nikarudi 750.

Kukata nilimpelekea fundi baiskeli pale karibu na soko. Alipouona akauliza, "Kaka, hii hendeli ya bodaboda umeitoa wapi?" Nilikuwa nimekwenda na kikatio cha bomba nilichoazima kwa fundi bomba, kile chenye gurudumu dogo la kukatia. Unakibana, unazungusha mzunguko mmoja, unakaza kidogo, unazungusha tena. Ukikaza kwa pupa kinauminya usukani na mwisho wake unavimba, gripu haipiti. Usukani mwingi una alama za vipimo zimechorwa kwenye ncha, huu unazo kila milimita 5, lakini fundi hakuziamini. Alipima kutoka katikati kwenda kila upande kwa rula ya chuma, na hapo alinifurahisha. Milimita 25 huku, 25 kule. Kipande kilipodondoka, ndani ya ukingo kulibaki wembe mwembamba wa alumini uliojikunja, unakata kidole mara moja. Akaupitisha tupa ndani na nje mpaka ukawa laini. Kama wako ni wa kaboni, kikatio cha bomba usikiguse, kitazipasua nyuzi zake. Huo ni wa msumeno wenye meno madogo sana, ukiwa umeuzungushia selotepu pale unapokata, na barakoa usoni kwa sababu ya vumbi lake. Na soma kwanza kampuni inaruhusu kukata hadi wapi.

Mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia. Kwanza, usukani mpya wa 31.8 hauingii kwenye stemu ya zamani ya 25.4, na ule mpya mnene zaidi wa 35 hauingii kwenye yoyote kati ya hizo. Mimi ilibidi ninunue stemu pia, na nilichukua fupi ya milimita 50. Kusema kweli nusu ya raha ninayoisifu hapa imetoka kwenye stemu. Usukani mpana unakuvuta mbele, stemu fupi inakurudisha nyuma, vinakutana katikati. Ungeniuliza niongeze upana bila kugusa ile stemu ya 100, ningekwambia hela yako itapotea bure, hasa kwenye fremu za zamani.

La pili ni waya. Zilizokuwa zinatosha kwa 600 hazitoshi kwa 750. Baada ya kufunga, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia baiskeli ikiwa imesimama. Yangu ilipogeuka kulia, ganda la waya wa breki ya nyuma lilinyooka kama kamba ya nguo na breki ikaanza kushika yenyewe. Ganda refu zaidi na waya mpya ni hela ndogo, lakini ziweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa nani basi? Kama njia zako ni wazi, mawe mengi, mwendo mkubwa na una mabega mapana, 780 au hata 800 uiache ilivyo. Kama unapanda sana, unapita msituni, au kimo chako ni chini ya sentimita 165, sioni sababu ya kuzidi 740. Kama baiskeli yako kazi yake ni kwenda sokoni kwenye lami, ule uliokuja nao unatosha, nunua tairi nzuri badala yake.

Usukani wa mtumba sikushauri. Alumini iliyowahi kuanguka vibaya haionyeshi, na siku ikiamua kukatika inakatika ghafla, kwa kawaida pale inapobanwa na stemu. Wa kwangu nimeufunga skrubu nne za stemu kwa kukazakaza kidogo kidogo kwa mshazari, nafasi ya juu na ya chini ikilingana, na kila baada ya safari ndefu napitisha kucha pale pembeni ya stemu kutafuta mkwaruzo. Mpaka leo hakuna kitu. Nikinunua mwingine nitachukua wa 780 niukate kama huu, uinuke milimita 30 badala ya 20, maana kwenye mteremko wa kushuka Soni bado natamani mikono ikae juu kidogo.