Mfululizo Kamili Usio na Namba 195

Nimekasirika, na nitaandika na hasira zangu hivi hivi, maana nikisubiri zipoe nitawaonea haya watu ambao wao hawakunionea haya mimi.

Niliuziwa boksi la komiki za zamani za Iron Man katika duka moja hapa Philadelphia. Jina la duka silitaji. Juu ya boksi palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: namba 169 hadi 200, mfululizo kamili. Wanaofuatilia komiki wanakijua kipindi hicho, 1983 mpaka 1985, ambapo Tony Stark, yule tajiri anayeivaa deraya ya chuma na kuitwa Iron Man, amezidiwa na pombe na anayevaa deraya ni rubani wake, James Rhodes, wenyewe tunamwita Rhodey. Mimi sikwenda pale kumnunua Iron Man. Nilikwenda kumnunua Rhodey.

Nilikuwa namnunulia mwanangu. Mtoto huyu amepagawa na ndege, hizi zinazorushwa na marubani, kila daftari lake la shule lina ndege pembeni, na Rhodey alikuwa akimjua wa kwenye sinema tu, yule afisa wa jeshi la anga. Nikataka amjue wa kwenye karatasi: rubani wa helikopta wa kikosi cha Marine aliyepigana Vietnam, akatunguliwa kwa roketi, akakutana msituni na mtu ndani ya chuma kizito asiyejua ni nani, wakaiba helikopta ya adui na kuondoka nayo wakiwa hai. Kisa hicho kimo katika namba 144, ya mwaka 1981. Halafu kuna jambo jingine ambalo kwetu sisi tunaoishi huku ni kubwa: Rhodey kwao ni South Philadelphia. Mitaa ile ile tunayopita tukienda soko la mtaa wa 9 kununua samaki. Kumwambia mtoto mweusi kwamba rubani huyu ametoka hapa hapa unapokanyaga, mzazi mwenzangu anajua kitu hicho kina uzito gani.

Boksi lilifungwa nailoni, na sheria ya duka ni kwamba ukifungua umenunua. Nikalipa.

Sasa niseme haki, kwa sababu haki nayo ina nafasi yake. Komiki zenyewe zilikuwa katika hali nzuri kuliko nilivyotarajia. Pini hazijashika kutu, majalada hayajakunjwa pembe, karatasi imekuwa ya manjano kidogo tu, na ile bei pale juu bado inasomeka vizuri. Namba 169 niliishika kwa ncha za vidole. Stark yuko chakari, adui anayeitwa Magma amekuja kufanya uharibifu, na Rhodey, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kuitumia deraya ile, anaivaa kwa sababu hakuna mwingine wa kuivaa. Mtoto alilala kifudifudi sakafuni akasoma yote bila kuinuka, kisha akaomba ya 170. Siku hiyo ungeniuliza kuhusu lile duka ningelipa nyota tano na kukuelekeza njia.

Tulisoma moja moja, jioni baada ya kazi za shule. Obadiah Stane, mfanyabiashara hasimu wake, akamnyang'anya Stark kampuni. Stark akaishia mitaani New York, kwenye theluji, hana hata pa kulala. Rhodey akabeba mzigo wote: adui wa Stark, madeni ya Stark, jina la Stark. Akaingia hata kwenye kundi la mashujaa, Avengers wa Pwani ya Magharibi, na wenzake wakidhani ni Iron Man yule yule wa siku zote. Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Kila akivaa deraya, kichwa. Akawa mkali, akawa anafoka, akaanza kumwona Stark kama mtu anayemvizia amnyang'anye. Mpaka namba 192, Stark ametengeneza deraya nyingine ya kijivu, na marafiki wawili wanapigana angani chuma kwa chuma.

Mtoto akaniuliza, "Baba, mbona Rhodey amekuwa mbaya?"

Nikamwambia, "Subiri mwanangu, jibu lipo mbele, kwenye 195."

Tukafika 194. Nikaweka mkono ndani ya boksi nikatoa inayofuata, nayo ni 194 tena. Iliyofuata hapo ni 196. Yaani wameweka 194 mbili ili hesabu ikae sawa, na 195 haimo. Nikatoa zote nikazipanga juu ya meza moja moja. Haimo.

Kwa asiyejua nitaeleza kwa nini nimeshikilia karatasi chache namna hii. Namba 195, ya Juni 1985, ndiyo inayomweleza Rhodey. Anakwenda kwa Shaman, yule daktari na mganga wa Alpha Flight, kundi la mashujaa wa Kanada, kutafuta dawa ya kichwa. Mpaka hapo sababu tuliyopewa ilikuwa ya kiufundi, kwamba kofia ile ilitengenezwa kwa ubongo wa Stark na si wa Rhodey. Kumbe maumivu yanatoka ndani yake mwenyewe. Moyoni Rhodey anaamini kwamba hastahili deraya ile, kwamba amekalia kiti cha mwenyewe. Ameokoa watu miezi na miezi, na bado anajiona mwizi. Mimi niliwahi kuisoma kwenye kitabu cha kuazima maktaba, na nakumbuka nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu mtu uliyetoka kwenu ukaja kufanya kazi ugenini unalijua lile jambo bila kufundishwa. Unafanya kazi vizuri, unasifiwa, na bado kuna siku unahisi kuna mtu atakugusa bega akuambie toka, mwenyewe amerudi.

Ukiiondoa 195, anachobaki nacho mtoto ni mweusi mkali asiye na shukrani aliyemgeuka rafiki yake. Hicho ndicho nilichouziwa kwa pesa yangu.

Baada ya siku kadhaa nikarudi dukani na boksi langu, na mtoto nikamchukua. Nilikwenda kwa adabu kabisa. Muuzaji alikuwa nyuma ya meza anaingiza komiki moja kwenye mfuko wa plastiki, kipande cha kadibodi nyuma, anabana kwa gundi ya karatasi taratibu kama anafunga kidonda. Hakuinua kichwa. Nikamweleza. Akamaliza kubana, akaiweka pembeni, ndipo akanitazama, akanipandisha akanishusha.

"Hiyo ni ya yule rubani," akasema. "Hakuna mtu anayeitafuta hiyo."

Nikamwambia mimi naitafuta.

Akasema kipindi kile chote ni cha kujaza nafasi tu, Iron Man mwenyewe anarudi kwenye 200, na 200 ninayo, tena nene, ya kurasa nyingi. Nikamwonyesha karatasi yake mwenyewe, mfululizo kamili. Akasema ni kamili kwa maana ya hadithi kuu. Kwa maana ya hadithi kuu! Niambieni, ndugu zangu, hadithi kuu ni ipi kama aliyevaa deraya kuanzia 170 ni Rhodey? Namba zinafuatana, ameziweka kwenye boksi yeye mwenyewe kwa mikono yake, halafu ananiambia mtu aliyemo ndani ya boksi hahesabiki.

Kisha akamtazama mtoto, akaniambia kama anapenda rubani basi nimchukulie War Machine, komiki za baadaye za Rhodey akiwa na deraya yake mwenyewe, kuna bunduki nyingi, watoto wanapenda bunduki. Na akasogeza dola 2 juu ya meza. Fidia. Kama vile nimekuja kuomba.

Dola 2 zile niliziacha pale pale. Mwanangu hakusema neno, na njia nzima ndani ya treni ya Broad Street alikuwa ameshika boksi mapajani anaangalia dirishani ambako hamna kitu cha kuona. Mtoto amesikia mtu mzima, katika mji wa Rhodey mwenyewe, akimwita "yule rubani" kwa sauti ya kumtaja mtu anayeleta chai.

Nami niseme kuhusu huyo rubani, maana nimechoka. Aliingia katika namba 118, Januari 1979, mikononi mwa David Michelinie, Bob Layton na John Byrne, kama rubani binafsi wa tajiri. Ni kweli. Lakini tazameni alikokwenda. Mwaka 1992 Stark alijifanya amekufa bila kumwambia, akamwachia kampuni na deraya nyeusi na fedha, na aliporudi akitegemea kupokelewa Rhodey akamkasirikia kiume kabisa, akaondoka, na deraya akabaki nayo. Huo ndio mwanzo wa War Machine. Na War Machine hiyo hiyo anayoiuza yeye kwa ajili ya bunduki, ile iliyoanza 1994, inaanza na nini? Inaanza na mtetezi wa haki za binadamu, Vincent Cetewayo, aliyetekwa na watu wa Rais Eda Arul na kupelekwa Imaya, nchi ya Afrika iliyobuniwa. S.H.I.E.L.D., lile shirika la ujasusi la kwenye komiki, hawataki kuingilia. Avengers hawataki. Kila mtu anataja mipaka na mamlaka ya nchi. Rhodey anakwenda. Cetewayo anakufa hata hivyo, na Rhodey anachukua uongozi wa Worldwatch, taasisi aliyoiacha marehemu. Mimi kama Mwafrika sikuipenda kila picha ya Imaya; magereza na wanajeshi vimejaa mno, wananchi wa kawaida utawatafuta. Lakini mtu asiyeweza kukaa ofisini huku mwingine anateswa mbali, huyo namtambua. Muuzaji aliona bunduki. Basi.

Na hata 2016, walipotaka kuanzisha vita vingine kati ya mashujaa, walimtafuta wa kumuua ili wakubwa wapate sababu ya kugombana, wakampata nani? Rhodey, mikononi mwa Thanos, yule adui mkubwa wa mashujaa. Baadaye wakamrudisha, sawa. Nataja hilo ili ieleweke kwamba yule bwana wa dukani hakulitunga peke yake lile neno lake. Limo kwenye biashara nzima. Ila yeye ndiye aliyeniambia usoni, mbele ya mwanangu.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilipokaa kuandika nilisema mbili, kwa sababu ya hali ya komiki na kwa sababu bei, kusema kweli, ilikuwa nzuri. Matoleo 30 na ushee kwa bei ile hupati kirahisi. Yupo pia dada mmoja pale, wa upande wa vitabu vipya, aliyetufuata mpaka mlangoni akatuambia pole na kutaja majina ya sehemu tunazoweza kuitafuta 195. Huyo nampa tano, asimame peke yake. Nikaanza kufikiri labda niseme nyota tatu, labda mwenzangu muuzaji alikuwa na siku mbaya, watu tunachoka.

Hapana. Mtu mwenye siku mbaya husema hatuna, samahani. Haweki 194 mbili. Ile 194 ya pili hakuiweka kwa uchovu, aliiweka ili hesabu itimie, na aliiweka pale kwa sababu aliamini hakuna atakayefika mpaka hapo kwa ajili ya Rhodey. Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule dada.

Jioni moja nilimkalisha mwanangu nikamsimulia 195 kwa mdomo, kila nilichokumbuka. Alisikiliza. Kisha akauliza kama Rhodey aliacha kujiona hastahili baada ya hapo. Nikamwambia isome 196 uone. Anaendelea, ameshafika 199, bomu limelipuka, Morley Erwin, mhandisi mwenzao, amekufa na Rhodey ameumia, na ameniambia hataki kuifungua 200 kwanza. Simlazimishi.

Mkinunua kipindi hiki kwa mtu yeyote, lipeni kwa masharti ya kufungua nailoni mbele yake na kuzitazama namba, si kuhesabu vipande, namba. Akikataa ondokeni. Na kama kuna mwenye 195 iliyo katika hali ya kusomeka, jalada hata likiwa limechanika, nipo, nanunua, na sitaomba punguzo.